Fimbo Mpya za Mashoto

Alhamisi, baada ya magharibi. Mvua imekatika tangu mchana, joto limerudi na mbu wake.

Kwanza nakuomba. Wewe uliyefika kwenye blogu hii, iwe kwa bahati au kwa mazoea, usimwambie mtu hata neno moja la haya nitakayoandika. Usinakili, usimtumie rafiki, usiseme "kuna kijana mmoja huko Bagamoyo". Bagamoyo si kubwa kiasi hicho. Ukisema kijana, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, anacheza gofu, hapo umeshamaliza kunitaja jina.

Utauliza, kama ni siri, mbona naianika hapa? Nimejiuliza hilo njia nzima kutoka kazini. Nina sababu na nitaisema, ila niache nianze mbali kidogo, maana nikianza na leo hutanielewa.

Naogopa. Si woga wa kitu kikubwa. Ni ule mdogo unaokaa chini ya kitovu, unaokufanya uende chooni mara mbili na kurudi bila kufanya lolote.

Mwisho wa mwezi huu muda wangu wa majaribio kazini unaisha. Atakayesema nibaki au niondoke ni Mzee Jayanti, mwenye duka. Mzee Jayanti amezaliwa hapahapa mjini, kwenye nyumba ile ile aliyozaliwa baba yake, na Kiswahili chake kinaniaibisha mimi niliyekisomea. Si mkali. Mwezi wangu wa kwanza nilipeleka mabati ya mtu wa Kerege kwa mtu wa Saadani, gari likaenda na kurudi bure, na yeye alichosema ni kwamba sasa dereva ameiona mbuga. Hafukuzi mtu kwa kukosea.

Anafukuza kwa kudanganya.

Aliyekaa kwenye kiti changu kabla yangu alikuwa anaitwa Shabani. Aliomba ruhusa aende msiba wa shangazi yake Ubena. Mzee akampa ruhusa, akampa na nauli, na wiki iliyofuata, akiwa safarini Chalinze, akapitia Ubena kutoa pole. Shangazi ndiye aliyemkaribisha. Shabani hakurudi hata kuchukua kikombe chake. Mimi ndiye ninayekitumia.

Basi shika hayo mawili, majaribio yangu na Shabani, nikueleze habari ya fimbo.

Gofu nilijifunza kwa kubeba mifuko. Likizo za shule nilikuwa nakwenda kwenye kiwanja cha mashimo tisa kilichoko njia ya kuelekea Dar, nabeba mifuko ya wachezaji, na wao wakinunua fimbo mpya wananipa zilizochoka. Hivyo nikapata fimbo za chuma moja moja, kila moja na kwao: namba saba ya mtu huyu, namba tisa ya yule, namba tano yenye mpini uliofungwa gundi. Zote zilikuwa za mkono wa kulia, kwa sababu wachezaji wote pale walikuwa wa mkono wa kulia. Mimi ni mashoto. Naandika kwa kushoto, na ubavu wa kiganja changu haukosi wino. Lakini fimbo ya gofu ina uso mmoja tu wa kupigia. Ukipewa ya kulia, unasimama upande wa watu wa kulia. Sikuwahi kuona kama ni tatizo. Hata kula nakula kwa kulia, kupokea napokea kwa kulia. Bibi yangu alihakikisha.

Nikazoea. Tena, niseme bila kujisifu, nikawa hodari. Ni jambo la pekee maishani mwangu ninalolifanya bila kuogopa. Nikisimama juu ya mpira na ile namba saba yangu ya zamani, kichwa kinanyamaza. Hapo tu.

Mzee Jayanti aliposikia karani wake anacheza, akanichukua siku moja tukazunguka wote mashimo tisa. Nikamshinda. Akafurahi kuliko mimi, akaanza kuwaambia wateja.

Jumatatu ya wiki hii akaniita mbele ya watu wote dukani. Juu ya meza ya kukatia vioo palikuwa na boksi refu. Mpwa wake alikuwa amekuja nalo kutoka ng'ambo. Mzee alilipasua mwenyewe kwa kisu, akatoa fimbo moja moja, zinang'aa, bado zimevaa nailoni vichwani. Akasema amekuwa akiniona kila siku ninavyoandika, na mtu wa shoto hawezi kuendelea kupiga kwa vyuma vilivyookotwa, ndiyo maana ameniagizia seti kamili ya mashoto.

Niliona uso wa fimbo ile ya kwanza umegeukia kusiko.

Mtu aliyezunguka nami mashimo tisa hakuona nimesimama upande gani.

Nilipaswa kusema palepale. Ilikuwa sentensi moja, hata watu wangecheka na yakaisha. Lakini alikuwa amezishika kwa mikono miwili, ananipa, na watu wanatazama, na mimi nilikulia katika nyumba ambamo mtu akikupa kitu unashukuru kwanza, kufikiri kunafuata. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Ahsante sana, Mzee. Ndizo hasa nilizokuwa nazitaka."

Ndizo hasa. Sijui hiyo "hasa" niliitoa wapi.

Halafu akasema Jumamosi tutacheza wawili wawili, mimi na yeye dhidi ya Injinia na mgeni wake. Injinia ndiye mteja wetu mkubwa, anajenga kuanzia Mbweni mpaka huku. Mzee akanipiga bega akasema nikazizoee.

Tangu Jumanne nimekuwa nakwenda alfajiri, nikitoka msikitini, kule kwenye uwanda uliokauka karibu na mashamba ya chumvi. Hakuna anayepita saa hizo isipokuwa ndege wenye miguu mirefu. Ardhi yake ni ngumu, haisamehi. Ukipiga ardhi kabla ya mpira, mshtuko unapanda mpaka kwenye meno.

Nitajaribu kueleza kunavyokuwa. Jitazame kwenye kioo, kisha uambiwe wewe sasa ndiye yule wa kwenye kioo, endelea na maisha. Unasimama upande wa pili wa mpira. Bega lililokuwa mbele linakuwa nyuma. Kiuno kinasubiri amri kutoka kwa mguu ambao haujawahi kutoa amri. Macho yanakuambia mpira uko hapa, mikono inaamini uko pale. Siku ya kwanza nilikosa mpira kabisa, mara nyingi, nikabaki napepea hewa kama mtu anayefukuza nyuki. Nilipoupata, ulitoka kwenye kisigino cha fimbo ukaruka pembeni kwa kasi ya kuua, ukaingia kwenye maji ya chumvi. Sikuufuata.

Fimbo zenyewe hazina kosa. Ni nzuri mno. Zangu za zamani kila moja ilikuwa na uzito wake, na mikono yangu ilijua tabia ya kila moja kama unavyojua majirani. Hizi zote ni za tumbo moja, zinafanana, zinanyooka, mpini unanata vizuri kiganjani. Zinasubiri mtu anayejua. Mara kwa mara najikuta naziomba radhi.

Jana alfajiri likatokea jambo baya zaidi. Nilipiga mmoja vizuri.

Sijui nilifanya nini. Namba nane ilipita chini, sikusikia mshtuko wowote, na mpira ukapanda, ukaning'inia, ukashuka mbali, laini. Mkono wa kushoto ulikuwa umeongoza, na nilihisi kitu ambacho upande wa kulia sijawahi kukihisi, kama mkono huo ulikuwa umekaa miaka yote unangoja kuulizwa. Nikajaribu tena nikachimba ardhi. Nikajaribu tena na tena mpaka jua likatoka kabisa na shati likalowa, haukurudi. Ningekuwa nimekosa yote, leo ningekuwa nimeshakata shauri. Ule mmoja ndio ulionichelewesha.

Na kabla sijaondoka nikachukua namba saba yangu ya zamani, nijitulize. Nikasimama upande wangu wa kulia, upande ninaoujua. Nikapiga juu ya mpira. Ukabiringika kama limao. Nikarudia. Ukabiringika.

Yaani sasa sina upande.

Jana hiyo jioni nilikuwa uani kwa bibi yangu ninayeishi naye, nimeshika ufagio wa mti mrefu, najipima mbele ya ukuta, bega hili, kiuno hiki. Alikuwa anachambua mchele. Akanitazama.

"Mume wangu, hicho kitu mbona unakitanguliza kwa mkono wa chooni?"

Nikamwambia ni mchezo. Akasema anaujua, ule wa kupiga kitu ukakifuate mwenyewe kwa miguu. Nikaketi, nikamweleza yote, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuyabeba. Nikamuuliza kama mtu anaweza kumwambia aliyempa zawadi kwamba haimfai.

Bibi akaweka ungo chini, akavua kandambili, akaninyooshea mguu. Akanisimulia kwamba siku ya tatu ya ndoa yake mama mkwe alimpa viatu vya ngozi kutoka Unguja, vidogo. Akavivaa. Akavivaa kila Idi na kila harusi mpaka vikaisha, na mama mkwe, kwa mapenzi, akamletea vingine, kipimo kilekile. Vidole vyake viwili vya mwisho vimepanda juu ya wenzao, vimelala hapo hadi leo. Nimeviona tangu nizaliwe. Nilidhani ni uzee.

"Na hukuwahi kumwambia?"

"Mpaka anazikwa, wallahi," akasema, kwa fahari kabisa, akarudi kwenye mchele wake.

Alikuwa ananitia moyo. Mimi nilikuwa natazama vile vidole.

Sasa nimefika leo.

Asubuhi Mzee Jayanti alipita kwenye meza yangu nikainuka, nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza fimbo zinaendeleaje. Nikasema, "Zinakubali, Mzee." Huo ukawa uongo wangu wa pili. Nauhesabu kwa sababu wa kwanza ningeweza kuuita adabu. Huu hauna jina jingine.

Akasema vizuri, basi zile za zamani nizitoe, Kassimu azichukue kwenye gari, atawapelekea wabeba mifuko kule kiwanjani, wapate na wao. Kassimu ni dereva wetu. Mchana akaja nyumbani kwa bibi na pikapu, nikamkabidhi mfuko. Alipouinua akasema, "Karani, siku hizi wewe mtu wa vitu vya boksi, sisi utatusalimia kwa barua." Nikacheka. Nikamtazama anautupa nyuma, juu ya mifuko mitupu ya saruji, na nilihisi kama kuna mtu anapelekwa hospitali.

Nilikuwa nimerudi dukani, nimeshakaa, ndipo ikanijia. Zile fimbo ni za kulia. Zote. Zimelala nyuma ya gari la Mzee, na Mzee ni mcheza gofu. Hakuna mcheza gofu anayepita mfuko wa fimbo bila kuvuta moja akaipima mkononi. Akivuta yoyote atajua kwamba kijana aliyemwambia "ndizo hasa" alikuwa anajua tangu Jumatatu.

Nikaweka kalamu chini, nikainuka.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikwenda kumwambia kwa sababu ukweli ulinishinda. Nilikwenda kwa sababu ya lile gari.

Alikuwa peke yake ofisini, anafuta miwani. Nikasimama mlangoni mpaka akaniambia niingie au nitoke, nisizibe hewa.

"Mzee, zile fimbo ulizonipa. Mimi sichezi kushoto."

"Unaandika kushoto."

"Naandika kushoto. Gofu nacheza kulia, Mzee. Tangu utoto."

Akavaa miwani. "Siku ile uliponishinda?"

"Nilipiga kulia."

"Na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, Mzee."

Nikasikia mashine ya kukatia vyuma huko nje inaanza, inaacha. Kisha akasema, taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Nilikuwa natazama mpira wangu."

Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia niliogopa, kwamba ulikuwa ukarimu mkubwa mno na watu walikuwa wanatazama, kwamba la leo asubuhi pia halikuwa kweli. Niliyasema yote haraka, nikiwa nimeangalia kalenda ya ukutani kwake. Nilikuwa nangoja jina la Shabani.

Hakulitaja. Akaniuliza nani mwingine anajua.

"Bibi yangu."

"Basi na abaki yeye." Akainuka akafunga mlango. Ndipo nikajua kwamba kuna kitu sikukielewa. Akanieleza, sauti ya chini, kwamba ameshamwambia Injinia anakuja na mchezaji wa mkono wa kushoto. Si kumwambia tu. Amemwambia yeye ndiye aliyenilea, amenifundisha mwenyewe, na kwamba kiwanja kile chote hakuna mashoto mwingine. Injinia amebisha. Wamecheka na wamebishana kwa simu wiki nzima, na mgeni wa Injinia anakuja makusudi kuona.

"Nikimpeleka mtu wa kulia," akasema, "nitaonekana muongo."

Nikamwambia sijui kupiga kwa kushoto.

"Una siku za kujifunza."

"Moja, Mzee."

"Basi unayo."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Yeye hakucheka. Akasema zile fimbo za zamani atamwambia Kassimu azirudishe dukani, zitakaa kwake ndani mpaka Jumatatu, zisionwe na mtu. Nikajikaza, nikauliza habari ya kazi. Akasema ya kazi tutazungumza Jumatatu pia. Nilipogusa kitasa akaniambia ahsante kwa kumwambia ukweli, na palepale akaniambia nisije nikamwambia mtu mwingine.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikiwaza. Niliingia mle ndani na uongo wangu mdogo nikitaka kuutua. Nimetoka na wa watu wawili, na mwenzangu ndiye mwajiri wangu, ndiye aliyemfukuza Shabani kwa shangazi mzima. Simcheki. Nimeuona uso wake alipofunga mlango ule. Ni uso ninaoujua. Ni wangu wa Jumatatu, mbele ya boksi. Mzee mwenye duka, mwenye magari, naye alisema neno moja zaidi ya alilokuwa nalo, watu wakiwa wanasikiliza, na sasa hajui alirudishe vipi.

Lakini yeye akishindwa Jumamosi ataaibika na kurudi dukani kwake. Mimi nitarudi wapi?

Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kupiga kwa mgongo wa fimbo, nisimame kulia na hizi hizi za kushoto. Nimejaribu uani, mpira ulikwenda kwenye ndoo ya bibi. Nimefikiria kumwambia Injinia mwenyewe, nikaona nitakuwa nimemvua Mzee nguo mbele ya mteja wake. Kila mlango nikiusukuma nakuta mtu amesimama nyuma yake.

Kitu kimoja tu hakinitoki kichwani. Ule mpira wa jana alfajiri. Ulikwenda. Mkono huu unaoandika sasa hivi ndio ulioupeleka, na si kwa bahati tupu, nina hakika. Kuna kitu nilikifanya kwa kiuno au kwa goti ambacho sikukiona kwa sababu mtu hawezi kujiona. Nahitaji mtu wa kunitazama. Watu wote ninaowajua wanaocheza ni wa kulia, na wote wanamjua Mzee Jayanti.

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika hapa.

Kama wewe ni mashoto, na umewahi kushika fimbo ya gofu, hata kama hukucheza vizuri, nifikie kabla ya Jumamosi. Andika hapo chini kwenye maoni. Hayaonekani na mtu mpaka niyapitishe mwenyewe, na lako sitalipitisha. Usitaje duka, usitaje Injinia. Niambie tu uzito unaanzia mguu gani, na kiwiko cha mbele kinafanya nini wakati wa kushuka. Usije dukani. Usimuulizie mtu, na usimpigie Kassimu hata kama unamjua, maana hawezi kuficha kitu.

Kama uko karibu, kesho baada ya swala ya alfajiri nitakuwa uwandani, upande wa mashamba ya chumvi. Njoo kwa miguu. Utanisikia kabla ya kuniona. Usinisalimu kwanza, nitashtuka. Na tafadhali usisimame mbele yangu, wala nyuma yangu, wala ubavuni. Ningekuelekeza pa kusimama, lakini bado sijui mpira utakwenda upande gani.